Maoni Yetu: Skuli Isifungwe kwa Deni Letu

Ndugu Wanachama,

Wiki mbili zilizopita karatasi ilibandikwa mlangoni pa skuli moja ndogo hapa Mariakani. Wengi wenu mmeipita mkienda kazini na mkirudi. Jina la skuli hatutalitaja, kwa sababu nia yetu si kumwaibisha mtu, na kwa sababu kila mwenye mtoto pale anaijua. Karatasi hiyo yasema maneno machache: kama karo inayodaiwa haitalipwa kabla ya kufunga muhula huu, skuli haitafunguliwa muhula ujao, na kila mzazi amtafutie mtoto wake mahali pengine.

Tulipopata habari hiyo tuliwatuma watu wawili wa halmashauri yetu waende wakaone kwa macho yao. Walikuta madarasa saba, manne ya matofali na matatu ya mabati. Walikuta watoto wakisoma kwa sauti kubwa kana kwamba hakuna jambo lolote. Walikuta waalimu sita ambao hawajapata mshahara kwa muda wa mwezi mmoja na nusu, na mpishi akipika maharagwe kwa kuni za kukopa. Kisha walionyeshwa daftari la madeni. Habari ya daftari hilo tutaieleza mbele, maana ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kuna wanachama watakaouliza: Chama cha watu wa reli na skuli ya mtu binafsi, wapi na wapi? Swali ni la haki, nasi twalijibu. Kwanza, watoto waliomo ni watoto wetu na wa jirani zetu. Pili, waalimu wa skuli ile ni wafanya kazi kama sisi, wala hatujui sheria isemayo kwamba mfanya kazi ni yule tu ashikaye nyundo. Tatu, deni linaloiua skuli hiyo, sehemu yake ni letu sisi wenyewe. Jambo lenye mambo matatu hayo ndani yake ni jambo la Chama.

Mwingine atasema: Skuli za Serikali zipo na hazitozi karo, kwa nini mtu ajitie taabu? Huyo naye tumsikilize. Mwezi wa Januari mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika skuli za msingi, na idadi ya watoto nchini Kenya ikapanda mara moja kutoka karibu milioni 5.9 hata milioni 7.2. Baadhi yetu tulikuwa watoto wa skuli za misioni wakati huo, na siku zile twazikumbuka. Tulikuwa watatu kwenye dawati, tukawa watano, na waliochelewa wakakaa chini. Palikuwa na furaha, kwa kuwa walikuja watoto ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu. Lakini mwalimu alikuwa ni yule yule mmoja, na mikono yake ni miwili. Tendo lile lilikuwa jema, na hatutamsikiliza mtu atakaye kulirudisha nyuma. Twasema tu kwamba mlango ulifunguliwa, na nyumba haikuongezwa kwa kadiri ya wageni.

Tena kuna habari ya mahali petu. Mariakani si mji wa kukaa kimya. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita katikati, na malori yapanga mstari kungoja mizani. Reli mbili zapita hapa, ile ya zamani iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ile mpya ambayo treni yake ya abiria ilianza safari tarehe 31 Mei 2017. Mtoto wa miaka sita aendaye skuli ya mbali huvuka barabara hiyo asubuhi na jioni. Baba yake ametoka nyumbani saa tisa za usiku kushika zamu, mama yake yuko sokoni na mboga zake. Nani atamshika mkono? Skuli ndogo iko karibu, mwalimu anamjua mtoto na mama wa mtoto, na mtoto huachwa pale mpaka jioni mzazi atakaporudi. Hiyo ndiyo sababu watu wa mshahara mdogo hulipa karo wasiyoweza kuilipa. Hawafanyi hivyo kwa kiburi.

Wala skuli ya kuchangiwa na watu si jambo jipya. Krapf na Rebmann walipoanza misioni yao Rabai mwaka 1846, si mbali na hapa, walifundisha kusoma watoto wachache ambao wazee wao hawakuona faida ya jambo lile. Baadaye watu waliiona faida, wakaitaka elimu kuliko walivyopewa. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu walijenga skuli zao wenyewe mbali na misioni, wakawalipa waalimu kwa michango yao, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha waalimu pale Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga skuli zile ilipotangaza Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952. Tulipopata uhuru mwaka 1963 watu walirudi katika desturi ile ile, na skuli nyingi za sekondari zikajengwa kwa Harambee, huyu analeta mabati, yule saruji, mwingine mbuzi.

Lakini liko jambo moja la kuangalia. Skuli zile za zamani zilikuwa na halmashauri ya wazazi, na mzee asiyejua kusoma aliweza kuuliza, shilingi yangu imekwenda wapi? Skuli zetu ndogo za leo ni mali ya mtu mmoja. Mzazi hajui kitu ila kiasi anachodaiwa, na mwenye skuli hajui kitu ila kwamba mzazi hakulipa. Hapo ndipo chuki inapoanzia.

Basi na tufanye hesabu pamoja, kama mtu afanyavyo hesabu ya nyumba yake. Hesabu hii ni ya mfano, tumeiweka sisi wenyewe ili kila mtu aone jinsi skuli ndogo inavyoishi. Tuseme kuna watoto 120, na kila mmoja hulipa shilingi 3,000 kwa muhula wa miezi mitatu. Jumla ni shilingi 360,000. Sasa matumizi. Waalimu sita, kila mmoja shilingi 12,000 kwa mwezi, kwa miezi mitatu ni shilingi 216,000. Mpishi na mlinzi, kila mmoja shilingi 8,000, kwa miezi mitatu ni shilingi 48,000. Kodi ya kiwanja, shilingi 15,000 kwa mwezi, ni shilingi 45,000. Chaki, vitabu, maji na ada za kibali, tuseme shilingi 30,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 339,000. Yanabaki shilingi 21,000, na hapo paa halijavuja wala choo hakijajaa.

Sasa tuseme wazazi 40 kati ya wale 120 hawakulipa. Zimepungua shilingi 120,000, na zilizopatikana ni shilingi 240,000. Pengo ni shilingi 99,000. Mwenye kiwanja hangoji, atafunga mlango. Mwenye maji hangoji, atafunga mfereji. Muuza vitabu hatoi kitabu bila fedha. Ni nani angojaye? Mwalimu, mpishi na mlinzi. Mshahara wao wa mwezi mzima ni shilingi 88,000, nao wote wakikosa, bado pengo halijazibika. Kwa hiyo, ndugu zetu, mtu anaposema "nitalipa mwezi ujao", asidhani amemkopa mwenye skuli. Amemkopa mwalimu, na mwalimu hakuulizwa.

Tusiseme pia kwamba wazazi wote wasiolipa ni wakorofi. Miaka iliyopita imekuwa mizito kwa watu wa upande huu, na taabu zilikuja moja juu ya nyingine.

Mwezi wa Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo iteremkayo bandarini Mombasa kwenda bara ipelekwe kwa reli mpya. Sisi wa reli tulipata kazi, na hatuwezi kukana. Lakini hapa Mariakani madereva wa malori ndio waliokula hotelini, ndio waliolala gesti, ndio waliotengeneza magurudumu kwa mafundi wa kando ya barabara. Lori lilipopungua, chungu cha mama lishe kilipungua pia. Watu wa malori waliandamana Mombasa, wakaenda hata kortini. Amri hiyo iliondolewa mwezi wa Septemba 2022. Mkate wetu ulikuwa njaa ya jirani, na watoto wa jirani yule walikuwa darasa moja na wetu.

Kabla ya hayo kwisha ulikuja ugonjwa wa Korona. Tarehe 15 Machi 2020 ilitangazwa kwamba skuli zote nchini zifungwe. Madarasa machache yalirudi mwezi wa Oktoba mwaka huo, na watoto wengine wote walirudi Januari 2021. Mwalimu wa Serikali alikaa nyumbani, lakini mshahara wake ulifika. Mwalimu wa skuli ya binafsi alikaa nyumbani mikono mitupu, maana pasipo mtoto hapana karo, na pasipo karo hapana mshahara. Waalimu waliuza maandazi, wakabeba mawe, wakarudi kwa wazee wao kulima. Huko Mwea, skuli moja ya binafsi iligeuza madarasa yake kuwa banda la kuku, na ubao uliokuwa na hesabu ukaandikwa siku za kuwachanja kuku dawa. Hatuchekeshi watu, jambo hilo lilitokea na magazeti yakaliandika. Skuli nyingi ndogo zilizofungwa mwaka ule hazikufunguliwa tena.

Kisha mvua zikakosa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ilipita bila mvua ya kutosha, mpaka mwaka 2023, na Kilifi yetu ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Watu wa vijijini hulipa karo kwa mbuzi na ng'ombe. Mnyama aliyekonda hana bei, na aliyekufa hana karo.

Katika taabu hizo hizo mtaala wa masomo ukabadilishwa. Januari 2023 darasa la saba la mtaala mpya lilianza, likaitwa skuli ya sekondari ya chini, nalo likawekwa katika skuli za msingi. Jambo hilo linahitaji chumba zaidi, vyombo vya sayansi, na waalimu waliosomea masomo yale. Skuli kubwa ilijenga. Skuli ndogo isiyoweza kujenga huwapoteza watoto wake wakubwa, na mzazi anapomhamisha mkubwa humhamisha na mdogo wake, ili waende njia moja. Hivyo skuli hupungua pande zote mbili.

Hayo yote tumeyasema ili haki ionekane. Sasa tuje kwenye daftari.

Watu wetu wawili walipofunguliwa daftari la madeni walitazama majina. Walikuta wachuuzi, walikuta watu wa mashamba, walikuta mama wajane. Walikuta pia majina ya watu wenye kazi ya mshahara wa kila mwezi, na miongoni mwao wanachama wa Chama hiki. Na tusijifiche, walikuta jina la mmoja wa sisi tuandikao karatasi hii. Deni lake lilikuwa la mihula miwili. Aliporudi kutuambia hakuinua macho.

Ndugu zetu, tutazame mambo yetu bila kujipendelea. Sisi mshahara ukichelewa siku tano twakusanyika, twapeleka barua, twamwita katibu, twasema watoto watakula nini. Twafanya vema, na Chama kipo kwa kazi hiyo. Lakini mwalimu wa mtoto wetu amengoja mwezi mmoja na nusu kwa sababu yetu, na asubuhi amesimama mbele ya darasa kwa nguo safi. Kijana mmoja wa waalimu wale aliwaeleza watu wetu kwamba akigoma atawaumiza watoto wasio na kosa, na asipogoma watoto wake mwenyewe watalala na njaa. Sisi tuliozoea mambo ya migomo twajua kwamba mtu aliyefikishwa hapo amebanwa na ukuta pande zote. Na ukuta mmoja ni sisi.

Twajua pia fedha inavyokwenda. Kukitokea matanga, twachanga siku ile ile. Ng'ombe hupatikana, unga hupatikana, hema hupatikana. Desturi hiyo ni nzuri, na atakayeiacha atazikwa na nani? Mangweni nako mnazi hauuzwi kwa deni la mihula miwili, na mwenye mangwe hatujasikia amefunga kwa kukosa wateja. Twachanga upesi kwa aliyekufa, twalipa upesi kwa tembo, na mtoto aliye hai twamwambia asubiri. Kila mtu aseme na moyo wake.

Lakini mwenye skuli asidhani kwamba maneno yetu ni fimbo yake ya kupigia wazazi. Yeye ni mwajiri, na mwajiri ana wajibu wake. Watu wetu waliuliza, waalimu wana barua za kazi? Wawili wanazo, wanne hawana. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Yasema pia kwamba mtu akiachishwa kwa sababu kazi imekwisha apewe notisi ya mwezi mmoja, na alipwe fedha za siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Karatasi iliyobandikwa mlangoni iliwaambia wazazi; waalimu waliisoma pamoja na wapita njia. Hiyo si notisi. Na yale makato ya bima ya afya ya SHIF, ambayo tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara, yafike yanakopaswa kufika, maana mwalimu akiugua ndipo atakapojua kama yalifika. Mwenye skuli huwaambia waalimu kwamba pale wote ni jamaa moja. Maneno matamu hayo husemwa siku ya kukosa mshahara. Siku ya kupata faida hatujasikia jamaa wakiitwa.

Twamwambia hivi kwa heshima, kwa kuwa twajua amejitahidi. Alijenga pale palipokuwa na vichaka, na alifundisha mwenyewe kabla ya kupata waalimu. Lakini skuli inayosimama kwa mshahara usiolipwa imesimama juu ya mgongo wa mtu.

Wala hatutaki skuli yoyote iachwe wazi kwa huruma tu. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Ngando, Nairobi, darasa la skuli moja ya binafsi lilianguka asubuhi juu ya watoto, na wanane wakafa. Mkaguzi akija Mariakani akisema ukuta huu ni hatari, tusimwite adui. Tumwombe atuonyeshe la kutengeneza na atupe muda wa haki, kisha tutengeneze. Kwa madarasa yale matatu ya mabati, nguzo zake twaweza kuziimarisha sisi wenyewe siku moja ya Jumapili. Mafundi tunao.

Na Serikali je? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Haikusema mtoto wa karibu na barabara asihesabiwe. Kwa mtoto wa skuli ya msingi ya Serikali hazina imekuwa ikitoa shilingi 1,420 kwa mwaka, yaani pungufu ya shilingi nne kwa siku. Mtoto akiingia skuli ya binafsi, hata ile ya mabati ya mtu maskini, hapati senti. Hatuombi Serikali impe fedha mwenye skuli atie mfukoni. Twataka skuli za Serikali ziongezwe Mariakani, karibu na watu, zenye waalimu wa kutosha, hata siku moja mtu wa reli asiwe na haja ya kulipa karo kwa mtoto wa darasa la kwanza. Siku hiyo ikifika skuli ndogo ikafungwa, tutaishukuru na kuiaga vizuri. Lakini leo ikifungwa, watoto wake watakwenda kuwa wa sita kwenye dawati la watano, na wengine hawatakwenda popote.

Kwa hiyo halmashauri ya karatasi hii yatoa shauri lifuatalo, nanyi mlijadili:

1. Kila mwanachama mwenye deni katika skuli ile, au skuli nyingine ndogo hapa, aende wiki hii akaandikiane na mwalimu mkuu jinsi atakavyolipa. Karo ya shilingi 3,000 kwa muhula ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Ilipwe siku ya mshahara, kabla ya mtu kufika sokoni au mangweni. Anayetaka fedha zikatwe moja kwa moja atie sahihi kwa hiari yake mwenyewe, asilazimishwe mtu.

2. Wazazi wachague halmashauri ya watu saba, wanawake wasiwe pungufu ya watatu, maana wao ndio wajuao ni nani hana kweli na ni nani anajificha. Halmashauri ione daftari la mapato na matumizi kila mwezi.

3. Karo ilipwe kwa nambari ya M-Pesa ya skuli, si ya simu ya mtu, na kila mlipaji apate risiti.

4. Fedha ikiingia, mshahara wa mwalimu, mpishi na mlinzi utoke kwanza. Mwenye skuli achukue chake mwisho.

5. Kila mwalimu na kila mtumishi apewe barua ya kazi. Waelezwe pia kwamba Katiba, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Kuna chama cha KUDHEIHA, ambacho miongoni mwa wanachama wake ni watumishi wa skuli. Mpishi na mlinzi na wakaulize huko. Makatibu wetu wako tayari kuwaonyesha njia.

6. Mjane na mtu aliyepoteza kazi wasifukuziwe watoto. Mzigo wao ugawanywe na halmashauri, na Chama kiombwe kutoa kitu kidogo katika mfuko wake wa msaada.

7. Barua iandikwe kwa ofisi ya elimu, wazazi wote watie sahihi, kuomba mkaguzi aje aseme yanayopungua, na kuuliza skuli ya Serikali ya upande wetu itajengwa lini.

Mkutano utakuwa Jumamosi hii saa tisa za alasiri, chini ya mwembe ulio karibu na stesheni. Walio zamu watume wake zao au waume zao. Mwenye skuli tumemwalika, naye amekubali kuja na daftari. Waalimu tumewaalika pia, nao watakaa mbele. Twawaomba wanachama waje kwa upole. Mtu asimtaje mwenzake kwa deni lake mbele ya watu. Kila mmoja ataje lake.

Na ili tusiwe kama mnara wa taa, umulikao mbali na chini yake ni giza, twawaarifu kwamba mwenzetu yule ambaye jina lake lilikuwa katika daftari alilipa nusu ya deni siku ya Jumatatu. Nusu iliyobaki italipwa siku ya mshahara. Risiti iko ofisini kwa katibu, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuja kuitazama. Siku ya mshahara ikipita na risiti ya pili haijaja, njoni mtudai.

Sisi ndugu zenu,
Halmashauri ya Karatasi